Mwongozo: Kurejea shambani Palma – mhogo, mkorosho na mifugo

Wakulima wa wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, wamekuwa wakirejea hatua kwa hatua kwenye mashamba waliyoyakimbia baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021. Wengi wamekuta mihogo iliyozeeka ardhini, mikorosho iliyosongwa na vichaka na mabanda ya kuku yaliyo matupu. Makala haya yanakusanya maelekezo ya kitaalamu yanayowahusu, na yanaanza na ardhi yenyewe kabla ya kufika kwenye zao linalowalisha wengi zaidi.

Mipaka kwanza, jembe baadaye

Kireno cha Msumbiji kililichukua neno machamba kutoka mashamba ya Kiswahili, na hata nyaraka za serikali huliandika hivyo. Mkulima anayekwenda ofisini kuulizia machamba yake, basi, hahitaji mkalimani kwa neno hilo moja. Kwa mengine huenda akamhitaji, kwa kuwa sheria ya ardhi imeandikwa kwa Kireno ilhali wanaohusika nayo pwani ya Palma huzungumza Kimwani, Kiswahili, Kimakonde na Kimakua.

Ardhi nchini Msumbiji ni mali ya dola na haiuzwi. Sheria ya Ardhi nambari 19/97 ya tarehe 1 Oktoba 1997 inampa raia haki ya kuitumia, haki ijulikanayo kwa kifupi cha Kireno DUAT. Sheria hiyo inaitambua haki ya aliyepata ardhi kwa mujibu wa desturi za jamii yake, na vilevile ya raia aliyeitumia kwa nia njema kwa muda usiopungua miaka 10, hata kama hana karatasi yoyote mkononi. Ushahidi wa mdomo wa majirani na wazee wa kijiji unakubalika.

Hilo lina uzito wa pekee Palma. Eneo la takriban hekta 7,000 katika rasi ya Afungi lilitengwa kwa ajili ya mradi wa gesi asilia, na familia zilizokuwa zikiishi humo zilihamishiwa Quitunda. Ongeza watu waliokimbia vita na kurudi kwa nyakati tofauti, na ni rahisi kuona jinsi shamba moja linavyoweza kudaiwa na watu wawili wasio na nia mbaya. Ndiyo maana inashauriwa mkulima aizunguke mipaka yake pamoja na majirani na mzee mmoja wa kijiji kabla ya kufyeka. Miti yote ya kudumu, yaani mikorosho, minazi na miembe, ihesabiwe na kuandikwa. Miti hiyo ni mali inayofidiwa, na pia ndiyo alama ya mpaka isiyohama kwa urahisi. Anayefyeka kwanza na kuuliza baadaye huenda akawa ameung'oa ushahidi wake mwenyewe.

Kitu chochote cha chuma kisichojulikana kikionekana kichakani kisiguswe wala kusogezwa. Mahali hapo pawekewe alama kwa mbali na taarifa itolewe kwa uongozi wa kijiji.

Kuhusu udongo, habari si mbaya. Sehemu kubwa ya ardhi ya pwani ya Palma ni mchanga usiohifadhi maji wala rutuba kwa muda mrefu, na misimu michache ya kulala imeupa majani yaliyooza ambayo ulikuwa umeyakosa. Kuchoma kichaka chote kwa siku moja ni kuipoteza faida hiyo: majivu hunenepesha mimea mwaka wa kwanza, kisha mvua huyaosha. Matawi makubwa yaondolewe, majani na vijiti vilazwe kati ya mistari ya mazao. Wilaya ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika mchanga matandazo ndiyo yanayoamua kama mmea utavuka wiki mbili zisizo na mvua katikati ya msimu.

Mhogo: ugonjwa usioonekana mpaka siku ya kuvuna

Zao linalobeba maisha ya kaya nyingi za Palma ni mhogo, na adui wake mkubwa kwenye pwani hii ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mtaalamu H. H. Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936 akiwa Amani, katika Tanganyika ya wakati ule, na tangu hapo umejulikana kuwa ni maradhi ya nyanda za chini za pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji.

Ubaya wake ni kwamba hujificha. Ugonjwa wa batobato, ambao wakulima wanaufahamu zaidi, hukunja na kudumaza majani ya juu, hivyo mtu huuona kutoka njiani. Michirizi ya kahawia huanza kwenye majani ya chini, yaliyokomaa: rangi ya manjano hutambaa kandokando ya mishipa ya jani huku jani lenyewe likibaki bapa na lenye umbo lake. Shina la kijani laweza kuwa na michirizi ya rangi ya kahawia iliyoiva. Mmea husimama imara, na aghalabu mwenye shamba huona ana mavuno mazuri. Anapochimba na kukata mhogo ndipo anapokuta ndani mabaka makavu ya kahawia, magumu kama kizibo, yasiyolika wala kuuzika.

Virusi vinavyousababisha husafiri kwa njia mbili. Inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani, huvihamisha kwa masafa mafupi. Kwa masafa marefu mchukuzi ni binadamu mwenyewe, na mzigo wake ni pingili za kupanda. Hapa mkulima aliyerejea yumo hatarini kuliko mwingine yeyote, kwa sababu hana mbegu yake na hupokea chochote anachopewa: fungu kutoka kwa ndugu wa Nangade, jingine kutoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Mtwara. Ukarimu huo ni wa kweli, lakini fungu moja lenye ugonjwa laweza kuharibu shamba zima na la jirani pia.

Kinga inaanza miezi mingi kabla ya kupanda. Mwezi wa Aprili au Mei, wakati majani ya chini bado yapo, mkulima apite shambani akifunga kamba au ukili kwenye mimea isiyo na dalili yoyote. Akingoja mpaka kiangazi atakuwa amechelewa, kwani majani yale yenye dalili yatakuwa yamepukutika, na mmea mgonjwa utafanana na mzima. Wakati wa kuvuna, mimea iliyofungwa kamba ichimbwe na kila mhogo ukatwe vipande kadhaa. Shina lichukuliwe kwa mbegu endapo tu mihogo yote ni myeupe ndani. Kazi hii ni ndefu na inachosha, na hakuna dawa ya kupuliza inayoweza kuchukua nafasi yake. Virusi vikishaingia kwenye mmea havitoki.

Pingili nzuri hutoka sehemu ya katikati ya shina lenye umri wa miezi 8 hadi 18, zikiwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30 na macho matano hadi saba. Mihogo iliyoachwa ardhini miaka mitatu haifai kwa kazi hii: shina limekuwa gogo na huchipua kwa shida. Mashina yaliyokatwa kabla ya mvua yasimamishwe kivulini, ncha za chini zikiwa zimefukiwa kidogo kwenye udongo. Nafasi ya mita moja kwa mita moja, inayotoa mimea 10,000 kwa hekta, huacha mahali pa kunde au karanga katikati. Katika miezi mitatu ya mwanzo, kila mmea unaoonyesha dalili ung'olewe na kuchomwa.

Zipo aina zinazostahimili ugonjwa huu. Nikwaha imesambazwa kaskazini mwa Msumbiji, na Kiroba inajulikana sana pwani ya Tanzania. Kustahimili si sawa na kuwa na kinga: aina hizi huambukizwa pia, ila mihogo yake huharibika kidogo au kwa kuchelewa. Asiyeweza kuzipata hukata hasara kwa kuvuna mapema, kabla mabaka hayajaenea, akikubali mihogo midogo iliyo mizima badala ya mikubwa iliyooza.

Sumu iliyomo ndani ya chakula

Wakulima wa kaskazini mwa Msumbiji hupanda mihogo michungu kwa makusudi, na wana sababu. Nguruwe mwitu na nyani huikwepa, mwizi haing'oi na kuila palepale, nayo hukaa ardhini kwa usalama mwenyewe akiwa mbali. Katika miaka ya vita, mhogo mchungu ndio uliowangoja wenye mashamba. Lakini uchungu huo ni dalili ya viini vinavyotoa sianidi, na ukame huviongeza.

Mwaka 1981, baada ya ukame mkali, zaidi ya watu 1,000 katika mkoa jirani wa Nampula walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Wataalamu huuita konzo, jina lililotoka Kongo. Hutokea ghafla, pengine kwa siku moja, hukaza miguu yote miwili, na hauponi. Waliopatwa walikuwa wamekula kwa wiki nyingi mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, kwa kuwa njaa haikuwapa muda wa kuiandaa, na hawakuwa na kitoweo. Mwili hutumia protini kuiondoa sianidi. Asiyepata samaki, kunde wala nyama hukosa kinga hiyo. Mikusanyiko ya watu waliokimbia vita imekuwa miongoni mwa mahali ambapo ugonjwa huu umezuka katika nchi kadhaa za Afrika. Kwa kaya ya pwani iliyopoteza chombo na nyavu, na kwa kaya ya bara kama ya Pundanhar isiyo karibu na samaki wabichi, onyo hili si la kihistoria.

Kumenya mhogo na kuuanika juani ukiwa mzima au vipande vikubwa hakutoshi. Makopa hayo hubaki na sehemu isiyo ndogo ya sumu. Kuloweka mihogo iliyomenywa siku tatu hadi nne mpaka ilainike, au kuikuna na kuivundika kabla ya kuianika, huondoa sehemu kubwa zaidi. Kiwango kinachokubalika kimataifa katika unga ni miligramu 10 kwa kila kilo.

Kwa unga uliokwisha kusagwa ipo njia nyepesi, iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na kutumika kwa mafanikio kuzuia konzo katika eneo la Popokabaka, magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Unga hutiwa kwenye bakuli na kimo chake hutiwa alama kwa ndani. Maji huongezwa kidogo kidogo huku ukikorogwa. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Unapofika kwenye alama, maji yametosha. Unga huo mbichi hutandazwa kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Gesi ya sianidi hutoka yenyewe. Unga usongwe bada siku hiyohiyo, kwa kuwa ukilala huharibika. Hakuna gharama yoyote ila mkeka na subira, na ladha haiharibiki; baadhi ya wapishi wa Kongo walisema hata inakuwa bora.

Kisamvu, ambacho Wamsumbiji wengi hukiita matapa, nacho kitwangwe vizuri na kuchemshwa sawasawa. Kutwanga ndiko kunakofungua jani na kuitoa sumu.

Mikorosho na minazi iliyoachwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa ikiongoza duniani kwa korosho. Mikorosho mingi ya Palma leo ni mizee, na iliyokaa bila kupaliliwa imejaa machipukizi ya shinani na matawi yanayogusana. Mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi zinazopata jua, hivyo mti uliojifunga hutoa majani tu.

Kupogoa kufanyike baada ya mavuno kwisha, si wakati wa maua, na kwa mti uliosahaulika kugawanywe katika misimu miwili ili usishtuke. Machipukizi yaliyo chini ya mti yaondolewe yote. Hayo ndiyo maficho ya ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua na kuacha shada tupu. Mkulima mwenye salfa ya unga aanze kuipuliza mara tu mashada yanapochomoza, alfajiri kabla upepo haujaanza. Akingoja aone weupe kwenye maua, nusu ya mavuno imeshakwenda. Uzoefu wa jirani zao wa Mtwara, ambako kituo cha utafiti cha Naliendele kimelishughulikia zao hili kwa miongo kadhaa, umeonyesha pia kwamba salfa ya miaka mingi huuongezea tindikali udongo wa mchanga, kwa hiyo isipulizwe bila kipimo. Mti usiozaa tena waweza kukatwa kimo cha nusu mita hivi, na machipukizi yake kubebeshwa vikonyo vya mti bora.

Kufyeka mkanda usio na nyasi kuzunguka shamba kabla ya Agosti ni kazi ya siku mbili inayookoa miti ya miaka 30. Mioto ya Septemba na Oktoba, wakati nyasi zimekauka kabisa, haizimiki kwa matawi.

Minazi ina maneno machache. Unaoangusha madafu machanga, kisha majani yake yakageuka manjano kuanzia chini na hatimaye kilele kuanguka, una ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeangamiza minazi mingi nchini Msumbiji, hasa Zambezia. Hautibiki. Ukatwe na kuchomwa, kwani gogo linalooza huzalisha chonga, mdudu anayetoboa vilele vya minazi iliyo mizima.

Mbuzi, kuku na malisho

Palma si nchi ya ng'ombe. Mbung'o wa vichaka vya kaskazini huleta ndorobo, na ng'ombe anayeletwa kutoka kusini bila mpango wa dawa huenda asimalize mwaka. Mbuzi na kuku ndio mifugo inayowezekana kwa aliyeanza upya.

Mbuzi huliwa na kiangazi kuliko na magonjwa. Lishe ya Agosti hadi Novemba hutafutwa mwezi wa Mei: majani ya karanga na kunde baada ya kuvuna hukaushwa kivulini na kuwekwa juu ya kichanja, mbali na mvua na mbuzi wenyewe. Ua wa miti ya lukina au glirisidia hutoa majani mabichi wakati nyasi zimekufa, na huzuia mbuzi wa jirani kuingia kwenye mihogo, chanzo cha ugomvi usiokwisha vijijini. Mbuzi anayefungwa kamba ahamishwe kila siku, ili nyasi zipate wiki kadhaa za kuchipua kabla hajarudi mahali pale. Maganda ya mihogo michungu yaanikwe mpaka yakauke kabla ya kulishwa. Mabichi yanaweza kumuua mbuzi kwa saa chache. Anayelazimika kuchoma nyasi achome mapema, Juni, asubuhi, wakati bado zina unyevu na moto unatembea polepole, ili mizizi na miti michanga ibaki.

Kwa kuku, adui ni mmoja: mdondo, ambao wengine pwani huuita kideri. Hausubiri, na huweza kulimaliza banda zima kwa wiki moja. Chanjo ya I-2, inayotumika Msumbiji na Tanzania, ilitengenezwa kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa chupa yafaa ifungwe kwenye kitambaa chenye maji na kuwekwa mbali na jua. Tone moja katika jicho moja linatosha kwa kila kuku, awe kifaranga au jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi minne. Haimponyi kuku aliyekwisha kuugua. Faida yake huonekana kijiji kizima kinapochanja siku moja, kwa sababu kuku hawajui mipaka ya kaya.

Yanayobaki

Viwavijeshi vamizi viliingia Msumbiji mwaka 2017 na havijaondoka. Mahindi yakaguliwe ndani ya kikonyo mara mbili kwa wiki tangu yanapoota, na viwavi viminywe kwa mkono vikiwa bado vidogo. Vikishakua hujichimbia ndani na hata dawa haivifikii. Ufuta ukatwe vitumba vya chini vinapoanza kugeuka rangi, ufungwe mafungu na kusimamishwa juu ya turubai, kwani ukisubiri ukauke shambani mbegu humwagika zote.

Vimbunga havitabiriki kwa kalenda. Kenneth kilipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, mavuno yakiwa bado shambani. Chido kilifika kusini mwa mkoa tarehe 15 Desemba 2024, wakati wa kupanda. Kaya inayogawa mbegu yake ya kunde na mahindi na kuihifadhi katika nyumba mbili tofauti, na kupanda mhogo kwa awamu mbili zilizopishana wiki kadhaa, haipotezi vyote kwa usiku mmoja. Mkorosho ulioangushwa ambao mizizi ya upande mmoja bado imeshika ardhi usikatwe haraka. Matawi yapunguzwe, mizizi ifukiwe, nao mara nyingi huchipua.

Maswali kuhusu pingili safi za mhogo, salfa na chanjo hupelekwa kwa Huduma za Wilaya za Shughuli za Kiuchumi, zijulikanazo kama SDAE, na miche ya mikorosho kwa Taasisi ya Lozi ya Msumbiji, IAM. Kampeni za chanjo ya kuku nchini Msumbiji kwa desturi hufanyika mara tatu kwa mwaka, Machi, Julai na Novemba. Anayetaka kijiji chake kiingizwe kwenye orodha awasiliane na ofisi ya wilaya mwezi mmoja kabla, akiwa na idadi ya kuku wa kaya zote.